Hesabu ya Nahodha

Ukitaka kujua kama safari ya baharini imepangwa au imeuzwa tu, tazama saa ya kung'oa nanga. Pale Shimoni, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, boti nyingi za kwenda kutazama pomboo huondoka mnamo saa tatu asubuhi. Uwe ni mwezi mwandamo au mwezi mpevu, kusi au kaskazi, saa haibadiliki, kwa kuwa ndiyo saa ambayo magari kutoka hoteli za Diani hufika na kushusha wageni. Maji yakiwa yamejaa, wanaondoka. Yakiwa yamekupwa hata mawe yametoka nje, wanaondoka. Bahari imepangiwa ratiba na mtu aliye mbali nayo, na waendao wamezoea hivyo mpaka hawaoni tena kwamba kuna kilichopungua.

Kilichopungua ni ufundi. Kupanga safari ya kutazama wanyama wa baharini, katika bahari yenye miamba kama ile, ni ufundi kamili wenye walimu wake na wanafunzi wake na miiko yake, ila hauachi kitu cha kushikika. Seremala wa Lamu akimaliza kazi kuna mlango, na mlango huo utasifiwa na wajukuu. Nahodha akiipanga safari vizuri, kinachobaki ni siku iliyopita kwa salama na wageni wanaorudi wakisema bahari leo ilikuwa nzuri. Hawajui kwamba kuna mtu aliyewachagulia bahari hiyo.

Nahodha ninayemkusudia ni mzee wa Kisiwa cha Wasini, kinachotazamana na Shimoni, Mvumba wa asili, mtu wa maneno machache. Mashua yake ni ya mbao. Ina tanga, na nyuma ina mashine ndogo anayoiwasha akilazimika. Ukienda kumtaka safari hakutajii bei kwanza. Hukukaribisha uketi, akakuuliza umekuja na nani, kama kuna watoto, kama yupo mtu mzima asiyejua kuogelea au mwenye magoti mabovu, na kisha hukuuliza unataka kuona nini. Swali hili la mwisho huwashangaza wengi, maana wamekwisha kuahidiwa na matangazo kwamba wataona kila kitu.

Na kila kitu hakionekani kwa siku moja. Pomboo wapo mwaka mzima katika maji yanayozunguka Wasini na Mpunguti. Wapo wale wa kawaida wanaotembea kwa makundi kwenye maji yenye kina zaidi, na wapo pomboo wenye nundu, waoga zaidi, wanaopenda maji haba karibu na nchi. Nyangumi ni habari nyingine. Wao hutoka kwenye bahari baridi za Antaktika na kufika pwani yetu kati ya Julai na Oktoba hivi, wakija kuzaa na kulea katika maji ya joto, na miezi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya kusi, bahari ina mawimbi na maji yamevurugika. Anayetaka kuchungulia matumbawe na samaki wake, na kumwona kasa akila majani ya baharini chini yake, msimu wake ni kaskazi, Desemba hadi Machi, au zile wiki za matlai kabla yake, upepo unapokuwa umelegea. Aprili na Mei masika hupiga, na mito kama Ramisi na Umba hushusha tope la bara mpaka maji ya karibu na nchi yakabadilika rangi. Basi mgeni akisema nataka nyangumi na nataka matumbawe, mzee humwambia kwa upole, "Hizo ni safari mbili, mwanangu. Chagua moja, nyingine uturudie."

Wapo wanaokasirika. Wapo pia wanaokaa kimya kidogo kisha wakauliza, "Sasa wewe mzee, ungechagua ipi?" Hao ndio huonekana wameanza safari.

Hifadhi ya bahari ya Kisite na Mpunguti, ambako safari hizi huenda, si kubwa. Ilitangazwa kwanza mwaka 1973, ikatangazwa upya 1978. Kisite, ambamo hairuhusiwi kuvua kabisa, ina kilomita za mraba 28. Mpunguti iliyo ubavuni mwake ina 11, na humo mvuvi anaruhusiwa kuingia na zana za jadi. Visiwa ni vidogo, Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini, Kisite, na Liwe la Jahazi, vyote mwamba wa tumbawe la kale, mkali wa kupasua mguu, uliotafunwa na mawimbi kutoka chini hata kingo zake zikabaki zimening'inia juu ya maji. Mahali pa kuteremkia ni pachache, na fungu la mchanga lililo karibu na Kisite huonekana maji yakipwa tu. Ni pwani nzuri isiyosamehe. Chombo kikifika pale saa isiyo yake hakina pa kukaa.

Kwa hiyo kazi huanza jioni ya kabla, baada ya sala ya magharibi. Mzee huteremka hadi kwenye mawe ya bandari ndogo ya kijiji na kutazama alama ya ubichi, maji yameishia wapi leo. Huwangoja wavuvi wanaorudi. Hawaulizi mengi. Huwaamkia, akatazama walichopata, akasikiliza. Mmoja atasema mkondo wa leo nje ya Mpunguti ulikuwa na nguvu, mshipi haukai chini. Mwingine atasema aliona ndege wakishuka kwa fujo upande wa mashariki, dagaa wamepandishwa juu. Palipo na dagaa kuna samaki wakubwa, na palipo na samaki wakubwa huenda pomboo wakapita kesho. Habari hizi hazilipiwi. Hutolewa kwa sababu mzee naye, siku zote, ametoa zake.

Kisha hurudi barazani, na hapo ndipo kuna jambo ninalolipenda kuliko yote. Huhesabu mwezi kwa vidole. Kidole gumba hupita juu ya pingili za vidole vinne, moja baada ya moja, taratibu, midomo ikichezacheza bila sauti, macho yakiwa hayatazami popote. Kidole kikifika kwenye pingili fulani husimama na kuibonyeza kidogo, kana kwamba maji yenyewe yako pale chini ya ngozi. Nimemwona akirudia hesabu mara mbili ingawa mwezi ulikuwa juu mbele yetu, unaonekana na kila mtu. Nilimwuliza kwa nini asiutazame tu. Akanijibu kwamba wingu huja, na aliyezoea kutazama hupotea siku wingu likija.

Mwezi ukishajulikana ni wa ngapi, mengine hufuata. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikakaribia mita nne. Katika pwani hii maji ya bamvua hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50, hata ukifika mwezi saba au nane mambo yamepinduka: maji yanajaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi, tena hayajai sana wala hayapwi sana. Hayo ndiyo maji mafu.

Haya anayajua kila mvuvi. Ufundi wa mzee ni kuyageuza yawe siku ya watu wanane wasiojuana, kati yao bibi wa miaka sabini na mtoto anayeogopa maji ya chumvi.

Siku ya bamvua huondoka saa kumi na mbili na nusu, akifuatana na maji yanayotoka. Pomboo huwatafuta kwanza, kwa kuwa upepo bado haujaamka na pezi huonekana kwa mbali juu ya maji laini. Wageni huwaketisha akijua jua litakuwa upande gani, ili wasitazame mng'ao wa bahari saa nzima na kurudi na kichwa kinachouma. Maji yanayotoka hubeba taka za mikoko na tope la ndani, kwa hiyo hamruhusu mtu kuingia kuogelea wakati huo, hata wakimbembeleza. Hungoja. Maji yakishapwa huwapumzisha kwenye fungu la mchanga. Mahamri hutoka kwenye kikapu, na birika la kahawa ya tangawizi. Maji yakianza kurudi, yakitoka kilindini yakiwa safi, ndipo huwaambia ingieni. Wanaoingia saa hiyo huona kina chote mpaka chini, chewa amejificha chini ya jiwe lake, taa amelala mchangani, na hudhani Kisite iko hivyo siku zote. Ikifika saa tisa maji yamepanda vya kutosha kwa mashua kusogea hadi Wasini, na yule bibi akashuka bila kutembezwa juu ya mawe.

Siku za maji mafu huwawekea wenye watoto. Mkondo ni dhaifu, maji yamejaa asubuhi kiasi cha wastani, na mtoto anaweza kuelea ameshika kamba ya ubavuni bila ya kuburutwa. Hakuna haraka ya kuondoka alfajiri. Familia ikipiga simu kutaka tarehe fulani kwa sababu ndiyo likizo, naye akaona tarehe hiyo ni bamvua na upepo wa kusi umekaza, huwaomba wasogeze siku nne au tano, akawaeleza sababu. Wengine husogeza. Wengine huenda kwa mtu mwingine, na yeye hupoteza fedha ambazo nyumba yake inazihitaji.

Upepo nao una hesabu yake. Kutoka Wasini, Kisite iko upande wa kusini. Wakati wa kusi, kwenda ni kubishana na upepo na kurudi ni kusukumwa nyumbani. Uchovu huja asubuhi watu wakiwa na nguvu. Wakati wa kaskazi ni kinyume chake. Kwenda ni raha, tanga limejaa, kila mtu anacheka, na ni rahisi kusahau kwamba adhuhuri ikipita utarudi ukipigana. Mzee huogopa siku za raha zaidi kuliko siku za shida. Wakati wa kaskazi huwa mkali wa saa. Akisema tunarudi, tunarudi, hata pomboo wakitokea wakati huo huo.

Na kabla ya kulala hutoka tena nje. Safari hii hatazami kitu, husikiliza. Upande wa nje wa kisiwa mawimbi hupiga mwamba, na usiku ukitulia sauti yake hufika kijijini. Wasini hakuna magari, kwa hiyo usiku wake una utulivu ambao miji yetu imeusahau. Mvumo mzito unaokuja kwa kuachana ni mawimbi yaliyotoka mbali, nayo yatakuwepo kesho hata upepo ukifa. Sauti ya mfululizo, ya kukwaruza, ni ya upepo wa karibu, na huenda ikanyamaza alfajiri. Nilijaribu kuzitofautisha nikiwa nimesimama ubavuni mwake. Nilizisikia zote mbili kama bahari. Yeye alikwisha kuamua.

Elimu hii haikuanzia kwake, wala haikuanzia Wasini. Ahmad ibn Majid, mwanamaji wa Julfar katika pwani ya Ghuba, aliandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari mnamo mwaka 1490, na humo misimu ya kusafiri ameitaja kwa siku zinazohesabiwa tangu Nairuzi. Nairuzi hiyo ndiyo Siku ya Mwaka ya Waswahili, ambayo Makunduchi huko Unguja bado huadhimishwa kila Julai. Mwaka wake una siku 365, umegawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, na manahodha wa pwani yetu waliujua upepo kwa mwongo wake: mwongo gani bandari zifungwe, mwongo gani jahazi lisukumwe majini baada ya kupakwa sifa na shahamu. Majahazi ya biashara yamepungua mpaka karibu kwisha. Lakini ile hesabu iliyobeba nazi na boriti na chumvi haikufa pamoja nayo. Ilihamia kwenye safari ndogo za asubuhi, kwa watu wanaotaka kumwona pomboo. Sioni kwamba ilishuka cheo. Abiria ni abiria, nao wana roho zile zile.

Niliwahi kuwa kwenye mashua yake siku pomboo walipotokea karibu na Mpunguti ya Chini. Kijana wa mbele aliwaona kwanza, akanyoosha mkono bila ya kupiga kelele, kama alivyofunzwa. Mzee hakuelekeza mashua kwao. Alipunguza mashine, akapinda kushoto, akaenda njia yake mwenyewe sambamba na yao, mbali nao, mpaka mwendo wetu ukawa mwendo wao. Kisha akazima. Kimya kilichokuja kilikuwa kikubwa, na ndani yake tukaanza kuwasikia wakivuta pumzi, mmoja, wawili, kisha pumzi moja nyembamba na ya haraka zaidi. Mtoto. Alikuwa ubavuni mwa mama yake, kiasi cha kumgusa, akipanda kila mama alipopanda na mara nyingine akipanda peke yake kwa sababu pumzi zake ni fupi. Mzee aliinua kiganja kutuambia tukae. Walisogea wenyewe. Mama alipita chini ya mashua, tukamwona tumbo jeupe, na mtoto akamfuata. Hakuna aliyeruka majini, na hakuna aliyeambiwa asiruke. Namna tulivyofika pale ilikuwa imekwisha kutufunza adabu.

Wakati mwingine huwaona wakienda polepole, wamekaribiana, wakipanda na kushuka kwa pamoja. Hao wamelala. Pomboo hulala akiogelea, na kundi likiwa katika hali hiyo mzee huwaonyesha wageni kwa mbali, kisha hugeuza. Nimesikia wageni wakinung'unika kwamba wamelipa. Huwajibu, "Nawe ukilala hupendi kuingiliwa chumbani."

Nenda sasa ukatazame saa nne asubuhi, msimu wa wageni. Kundi moja la pomboo, na boti zimelizunguka. Kila nahodha ana simu mkononi, wameambiana walipo, na kila mmoja anataka wageni wake wapate picha kabla ya chakula cha mchana. Boti moja inawakata mbele, nyingine inawafuata nyuma, pomboo wanazama, mashine zinanguruma kwenda watakapoibuka. Nimeona mama na mtoto wakitenganishwa na boti iliyopita katikati yao, na watu waliokuwamo wakashangilia kwa kuwa walikuwa karibu. Huko Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pomboo walikuwa wakivuliwa wawe chambo cha papa mpaka miaka ya 1990, na utalii ulipoingia wakapata thamani wakiwa hai. Watafiti walioendelea kuwafuatilia walichapisha mwaka 2007 kwamba boti na waogeleaji wakizidi, majike hubadilisha mwendo na kuzama kwa namna isiyo na mwelekeo. Utafiti mwingine wa 2010 ulionyesha kwamba mapumziko yao hupungua. Mzee wa Wasini hakusoma hata moja kati ya tafiti hizo. Alikuwa akizima mashine kabla hazijaandikwa.

Sisemi kwamba vijana wa boti ni watu wabaya. Wengi wao ninawajua, ni watoto wa watu, na kazi ya baharini imewalea. Lakini saa haikupangwa nao. Aliyeuza safari aliiuza kwa wiki kadhaa mbele, kwa tarehe na saa na picha ya pomboo anayeruka, na kijana akikataa kwenda leo, kesho nafasi yake ina mtu. Uwezo wa kukataa ndio uliokuwa moyo wa ufundi huu, na ndio wa kwanza kuondoka.

Nilishuhudia mzee akikataa. Familia ilitoka Nairobi usiku kucha, watoto wamevaa miwani ya kuogelea tangu kwenye gari. Bahari ilionekana nzuri kutoka bandarini, maana mlango wa Wasini umekingwa na kisiwa na hausemi ukweli wote. Mama wa watoto alisema, "Mzee, shikamoo. Tumekuja mbali sana." Akaitikia marahaba, akawaamkia watoto mmoja mmoja kwa mkono. Kisha akasema, "Leo si bahari ya hawa, mama. Kesho kutwa, inshallah, nitawapeleka mwenyewe." Akawarudishia fedha zote walizotanguliza, akawapeleka mama na watoto kwenye njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko na matumbawe makavu, ile inayotunzwa na kikundi cha akina mama wa kijiji, na mchana wakala samaki wa nazi nyumbani kwake. Boti nyingine zilikwenda siku ile. Zilirudi salama, na watu wake wamelowa na kutapika, na hakuna aliyeona pezi hata moja. Mzee hakulisema jambo hilo kwa mtu yeyote.

Kuna wanaosema elimu ile imepitwa, siku hizi kuna utabiri kwenye simu. Utabiri ni jambo jema, na mzee mwenyewe humwambia kijana wake amfungulie autazame. Halmashauri ya Bandari za Kenya nayo hutoa kila mwaka jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, limechapishwa, saa na dakika. Basi hakuna tena anayehitaji kuzaliwa Wasini ili ajue kwamba Jumanne ijayo saa nne maji yatakuwa yamekupwa. Hilo ndilo linaloniuma. Wazee walibeba hesabu hii vichwani. Sisi tumeiandika, tunaibeba mifukoni, na bado tunawashusha wageni juu ya matumbawe maji yakiwa ya magotini, wamevaa mapezi ya mpira, wakiyakanyaga ili wasimame kupumua. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe yalipauka na kufa sehemu kubwa ya pwani hii. Nahodha gani angeweza kupanga safari ya kuliepa joto lile? Lakini hili la kukanyaga lingezuilika kwa kuchelewesha kuondoka saa mbili tu. Yapo maboya ya kufungia mashua ili mtu asitupe nanga juu ya mwamba, na bado utaona nanga ikitupwa, kwa sababu boti ni nyingi mno kwa saa ile moja ambayo wote wamefika pamoja.

Mzee sasa haendi kila siku. Magoti yake yamechoka, na mashua ya mbao inataka kalafati kila msimu na mafundi wake nao ni wachache. Wageni wanaomfikia ni wale walioambiwa na wenzao. Mjukuu wake mkubwa anaendesha boti ya mtu mwingine, ya fiberglasi, mashine mbili nyuma, na anaiendesha vizuri. Mkono wake kwenye usukani ni mkono wa nyumba ile, mwepesi na usio na papara. Jioni humpigia simu babu yake. "Babu, maji kesho?" Mzee humtajia saa, na akitaka huongeza upande wa kuanzia na upande wa kuepuka. Kijana hushukuru na kukata.

Nilikuwapo jioni moja simu kama hiyo ilipopigwa. Mzee alipomaliza kujibu alikaa na ile simu sikioni kwa muda, akidhani kijana bado yupo. Baadaye akaniambia kwamba huuliza saa kila siku, na hajapata kuuliza sababu.